Taa Chini ya Gego

Kitendawili!

Mbona mmenyamaza? Kwetu mtu akisema kitendawili, mwenzake hujibu tega, hata kama mdomo umejaa muhogo. Haya, tena. Kitendawili!

Nina shamba lenye miti ya namna mbili. Mingine imeota kwenda juu, mingine imeota kwenda chini, na vilele vyake vinagongana mchana kutwa. Mvua haijawahi kunyesha humo, wala shamba halijawahi kukauka.

Fikiri, usikimbilie. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ila usinipe ule mpya wa Mwezini, maana waliofika wananiambia ndizi za huko zinaota kwenye chupa. Nipe Tanga, nikapigwe na upepo nikila machungwa. Asante. Nimekwenda Tanga, nimekaa, nimekula, nimerudi na jibu. Ni kinywa.

Wewe kinywa unakijua kwa kukitazama kwenye kioo. Mimi nimetembea ndani yake kwa miguu yangu hii, ndara nikiwa nimeziacha mlangoni.

*

Nilikuwa mshika mkono katika Kituo cha Taya, kule Usangi, juu kabisa milimani Upareni, gari la kamba linapoishia. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kazi hiyo haikudai zaidi. Ilidai mkono ulio na joto na roho isiyoshtuka ovyo. Watu walipoingia ukumbini walipepesuka, wengine walikaa chini wakalia, na mwanamume mmoja mwenye kitambi alinikumbatia akaniita mama. Kazi yangu ilikuwa kuwashika wasianguke.

Zamani za bibi yangu, eksirei ya meno ilikuwa kipicha kisichozidi kiganja. Daktari alikiinua kwenye mwanga, akakunja uso, akasema mmh, basi ukajua umekwisha. Siku zetu mgonjwa aliuma kibao chembamba, mashine ikamzunguka kichwa mara moja ikivuma kama nyuki, kisha taa za ukumbi zikazimwa, na taya lake likasimama mbele yetu kama safu ya milima. Tuliingia katikati yake kama watu wanaokwenda sokoni.

Wajukuu zangu, nitawaelezaje? Kilicho kigumu kilikuwa cheupe, kilicho laini kilikuwa kijivu, na palipo tupu palikuwa peusi. Meno yalipanda juu yetu kama minara. Kati ya jino na jino mfupa ulijiinua kama tuta la viazi. Tuta likifika karibu na shingo ya jino, mwenye taya ni mzima. Likiwa limeshuka, ufizi wake unaumwa, hata kama anacheka. Na kila mzizi ulizungukwa na uzi mweupe, mwembamba, kama mstari wa chaki uliochorwa na mtu asiyetetemeka mkono. Nilifanya kazi humo miaka mingi, na kila asubuhi nilipouona ule uzi nilisema moyoni, Mungu ana mkono mwepesi.

Kisha kulikuwa na taa.

Mwanamke akibeba mimba, vichembe vya mtoto huvuka vikaingia katika damu ya mama. Mtoto huzaliwa, huenda zake, huoa au huolewa. Vichembe vyake hubaki. Vinakaa katika mifupa ya mama mpaka uzeeni. Mashine yetu iliviona, na ilivionyesha kwa mwanga, kila mtoto na rangi yake.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Kwa kuwa kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake, ukoo mzima uliingia ukumbini, na kila taa ilipoonekana walipiga vigelegele. Halafu watu wakaanza kuhesabu. Huyu ana watoto wanne, mbona taa ni tano? Yule ana watoto wawili, mbona taa ni moja? Nyumba zikavunjika kama vyungu. Ndipo ikaletwa Sheria ya Kufunika Taa. Wageni wakawa wanaona mfupa tu. Taa zikabaki kwenye miwani ya daktari, asije akazigusa bila kujua, na kwenye miwani ya mshika mkono, asije akawapitisha watu juu yake. Na sisi wawili tulikatazwa kusema tulichokiona, kwa mtu yeyote, hata kwa mwenye taya. Ukutani kiliwekwa kisanduku cheusi kinachosikia kila neno na kulipeleka mjini siku hiyo hiyo. Aliyesema alinyang'anywa miwani, na hakurudi tena kazini.

Mimi niliiona sheria hiyo kuwa njema. Nilikuwa nimefuta machozi ya kutosha mle ndani.

*

Siku ninayoisema, gari la kamba lilishusha watu watatu. Mbele alikuja mwanamke mwembamba mwenye kilemba cha bluu, kiganja shavuni. Nyuma yake mume wake, Mzee Sangiwa, amebeba kikapu na mwavuli na sweta la mke wake. Wa mwisho alikuwa dada yake huyo mzee, Nambua, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo, Bibi," akasema mwenye kilemba.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Nikuite Mama nani?"

Nambua akamjibia. "Huyo hana mama nani. Muite Nakundwa, inatosha."

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la usichana hukunjwa likawekwa sandukuni, anaitwa kwa jina la mwanawe. Nakundwa alikuwa na mvi, na jina lake la usichana lilikuwa bado linatumika kila siku, kama nguo ya shule kwa mtu mzima.

"Meno yake yanacheza kama funguo za mlinzi," Nambua akaendelea. "Mimi nimemwambia. Mwili usiozaa hukauka, na huanzia mdomoni."

"Nambua," akasema Mzee Sangiwa.

"Nini? Nimesema uongo?"

Nakundwa akaondoa kiganja shavuni. "Bibi, wifi yangu huyu ana watoto sita na meno manne. Sasa wewe mwenye kituo utuambie, kati yetu nani amekauka."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Hata Nambua alicheka, kwa kuficha mdomo.

Daktari Senkoro akawapokea. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusafisha miwani yake hata ikiwa safi. Nakundwa akauma kibao. Mashine ikavuma. Taa zikazimwa, nikamshika mkono, tukaingia.

Nambua ndiye aliyeanza kupepesuka. Aliinua uso akatazama ile minara, akageuka taratibu, midomo wazi.

"Hiki chote ni kinywa cha huyu?"

"Chote," nikasema.

"Mbona..." Akatafuta neno. "Mbona kizuri hivi?"

Nakundwa alitembea kama mtu aliyeingia kanisani wakati wa sala.

Daktari akatuongoza kwa kijiti chake cha mwanga. "Tazameni, mama. Haya matuta ya mfupa yangetakiwa kufika hapa, karibu na shingo ya jino. Yameshuka hadi nusu ya mzizi. Hii miiba inayochomoza ubavuni ni ugaga, uchafu uliogeuka jiwe. Wadudu wamejificha chini yake, ufizi umevimba ukikimbizana nao, na mfupa umerudi nyuma kwa kuogopa vita. Na huku..."

Tulifika chini, upande wa kushoto, kwenye magego ya mwisho. Hapo ndipo palikuwa na ugonjwa wenyewe. Kando ya mizizi kulikuwa na shimo jeusi kama ndiva iliyokauka, yale mabwawa ambayo wazee wetu walichimba kukusanya maji ya mashamba. Gego la katikati lilikuwa limesimama kwa mizizi miwili, na hapo mizizi inapoachana, palipopaswa kuwa peupe, kiza kilikuwa kimepita kikatokea upande wa pili.

Nilijua kusoma kiza cha namna hiyo. Gego hilo lilipaswa kuwa limedondoka zamani. Lakini chini ya njiapanda ile ya mizizi kulikuwa na kipande cha mfupa kilichobaki, kama daraja. Na ndani ya daraja hilo, kwenye miwani yangu, kulikuwa na taa.

Nimeona taa nyingi. Nyingi hutawanyika tayani, punje moja huku, nyingine kule, kama nyumba za mlimani zikiwashwa jioni. Hii haikutawanyika. Ilikuwa imejikusanya yote mahali pamoja, nyekundu ya kaa la moto lililofunikwa majivu. Nilipoinama niliona ni punje maelfu, zimeshikana, zimeuzunguka mzizi kama vidole vinavyoshika mpini. Mfupa wote jirani ulikuwa umekufa au umekimbia. Pale penye mwanga ule, na pale tu, uzi mweupe wa chaki ulikuwa haujakatika.

"Bibi," Nakundwa akasema, "mbona mkono wako umelowa?"

"Uzee, mwanangu."

Nikamtazama daktari. Na yeye alikuwa amesimama, kijiti chake kinatazama sakafuni. Akavua miwani, akaisafisha, akaivaa tena. Taa haikuondoka.

"Hapa tuna njia mbili," akasema. "Ya kwanza ni kusafisha. Tunakwangua shimo lote mpaka chini, tunachoma kwa mwanga kila kisicho chako, halafu tunapanda mbegu za mfupa. Mfupa utaota, meno yatakaza, utatafuna mpaka mahindi ya kukaanga. Ya pili ni kung'oa haya magego matatu. Kidonda kitajifunga chenyewe, ugonjwa utakosa pa kujificha. Lakini mfupa wa upande huo hatuugusi tena, shavu litabonyea, na hutatafunia huko maisha yako yote."

"Sasa hapo kuna swali?" Nambua akasema. "Nani achague kubonyea?"

Nakundwa alikuwa anatazama daraja lile jeupe. Kwa macho yake lilikuwa kipande cha mfupa tu.

"Daktari, umesema utachoma kila kisicho changu."

"Ndiyo, mama."

"Na hapo kuna kitu gani kisicho changu?"

Daktari akakohoa. "Wadudu, mama. Ugaga. Mambo ya namna hiyo."

"Ya namna hiyo," Nakundwa akarudia polepole. Wakakubaliana kwamba atasafishwa kesho yake.

*

Nilimkuta daktari nyuma ya jengo, kwenye tangi la maji, mahali ambapo kisanduku hakisikii.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona."

"Anasema hajazaa."

"Hajazaa. Mimba iliingia ikatoka mapema, Bibi. Pengine hata yeye hakujua. Wengi hawajui."

"Labda ni taa ya mama yake mzazi? Si ulinifundisha kwamba na yeye huacha vichembe?"

"Ya mama mzazi hukaa juu, imetandaa kama ukungu. Hii ni ya mtoto." Akafungua bomba akanawa uso. "Na umeona ilivyojikusanya. Vichembe vya mtoto hukimbilia palipo na kidonda, vikajaribu kukiziba. Nimelisoma hilo vitabuni, lakini sikuwahi kuliona likifanyika kwa ukamilifu namna ile. Bila vichembe hivyo, taya lingekuwa limevunjika."

Nikakaa juu ya jiwe. "Kwa hiyo huyo mtoto, ambaye hakupewa hata jina, amekuwa akimshikia mama yake jino tangu ujana?"

"Amemshikia taya, Bibi. Jino limefuata tu."

Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye migomba, na mimi nilitaka kuwaambia wanyamaze.

"Na kesho utamchoma," nikasema.

"Mwanga wa kuchoma hauchagui. Ukiacha hata punje moja ya kigeni, mbegu za mfupa hazioti."

"Mwambie basi."

"Sheria..."

"Sheria ninaijua."

"Huijui ninavyoijua mimi." Aligeuka, na nikaona kwamba kumbe alikuwa na hasira, siyo na mimi. "Mimi nilikuwa mtoto, nimesimama ukumbi kama ule, nimeshika sketi ya mama yangu. Wakahesabu taa. Wakapata tatu. Sisi tulikuwa wawili, mimi na dada. Baba hakuuliza swali hata moja. Aliokota kofia yake akatoka. Mama alirudi kwao na mfuko mmoja, akafa wakimwita malaya. Miaka mingi baadaye nikiwa chuoni nikatoa ile picha yake, nikaisoma mwenyewe. Taa ya tatu ilikuwa nusu ya mama na nusu ya baba. Mimba iliyoharibika, kama hii. Nilipopata kazi, nilikuwa miongoni mwa walioomba sheria hiyo iandikwe. Sasa niivunje?"

Nilisimama nikamfuta maji shingoni kwa kanga yangu, kama ningemfuta yeyote kati yenu.

"Kila dawa ninayotia," akasema taratibu, "ninamwambia mtu inaondoa nini. Hii nitamwambia inaondoa nini?"

*

Jioni hiyo niliwakuta barazani kwenye nyumba ya wageni. Nambua alikuwa amejipakatia bakuli, anampondea wifi yake ndizi za kuchemsha kwa mgongo wa kijiko, anazilainisha kwa maziwa, anaonja kama zimepoa. Ukimsikia maneno yake ungemchukia. Ukitazama mikono yake ungenyamaza.

"Kula. Usinitolee macho, kula. Bibi, karibu. Sema chochote, tumechoka kusikilizana. Tega hata kitendawili."

Sikukipanga, wajukuu zangu. Kilinitoka.

"Kitendawili!"

"Tega," wakajibu wote watatu.

"Mgeni alikuja kwangu bila hodi, akaondoka bila kwaheri. Nyumba inapobomoka, yeye ndiye aliyeshika nguzo."

"Mchwa!" Nambua akapaza sauti.

"Mchwa anakula nguzo, hashiki."

"Upepo."

"Upepo unashika nini?"

Mzee Sangiwa akajikuna kidevu. "Kivuli?"

"Hapana, baba."

Nambua akatupa mikono. "Haya, tumeshindwa. Chukua Same."

Nikatikisa kichwa.

"Same huutaki? Kuna joto, kweli. Chukua Moshi basi, pamoja na mlima wake na barafu yake."

"Siupokei mji."

Kijiko kikasimama hewani. Mnajua wenyewe. Anayetega akipewa mji, anaupokea, kisha anatoa jibu, hata kama jibu ni la aibu. Ukipokea mji ukanyamaza, wewe ni mwizi. Na kukataa mji ni kama kukataa maji nyumbani kwa watu, sikuwahi kuona mtu akifanya hivyo, wala mimi sikuwahi. Lakini ningepokea ningelazimika kusema, na kusema ndiko kulikokatazwa.

"Kwani nani kakataa mji tangu dunia iumbwe?" Nambua akauliza. "Bibi amezeeka vibaya. Ametega kitu asichokijua mwenyewe."

Nakundwa hakucheka. Aliusogeza pembeni mkono wa wifi yake wenye kijiko.

"Alikuja bila hodi," akasema.

"Bila hodi."

"Akaondoka bila kwaheri."

"Ndiyo, mwanangu."

Akanitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia mume wake. "Ule mwaka wa mvua ya mawe, paa lilipotoboka. Nilikuwa nimelala, siwezi kuinuka, damu inatoka. Mama yako alisema ninaumwa nini?"

"Malaria," akasema Mzee Sangiwa. "Alisema malaria imekuvuruga tumbo."

"Na wewe ulisemaje?"

"Mimi nilikwenda kutafuta mabati."

*

Asubuhi chumba cha matibabu kilikuwa kimejaa jua. Nakundwa alilala kwenye kiti, kilemba chake kikiwa magotini kwa Mzee Sangiwa. Nambua alisimama miguuni, kama inavyompasa ndugu. Juu ya kiti picha ya taya ilikuwa inaelea, ndogo leo, ukubwa wa mtoto aliyelala. Kwenye miwani yangu lile kaa lilikuwa palepale, linawaka.

Kwenye sinia kulikuwa na kijiko cha kukwangulia, tochi ya kuchomea na koleo. Daktari Senkoro akachukua kijiko.

"Fungua, mama."

Nakundwa akamshika kifundo cha mkono.

"Jana nilikuuliza swali, ukakohoa."

"Fungua mdomo wewe," Nambua akasema. "Daktari ana wagonjwa wengine."

"Wifi, leo ningoje." Hakumwachia daktari. "Nimelala na swali langu. Nalirudisha. Ukiniambia hapo pana uchafu tu, safisha, choma, na mimi nitakushukuru nitakapokula karanga. Ukiniambia pana kingine, weka hicho kijiko. Chukua koleo, ng'oa yote matatu, mfupa wangu niachie ulivyo. Shavu na libonyee. Kwa hiyo niambie. Hapo kuna kitu gani kisicho changu?"

"Mama, kuna sheria," akasema daktari.

"Naifahamu. Imewekwa nisipigwe. Nani atanipiga hapa? Huyu?" Akamwonyesha Mzee Sangiwa kwa kidevu. "Huyu akiona nyoka ananiita mimi."

Mzee Sangiwa akainamisha kichwa juu ya kile kilemba.

"Basi wenzako watoke nje," daktari akasema. "Tuzungumze polepole."

"Hawatoki. Nimeitwa tasa kwa sauti, harusini, msibani, sokoni, mbele ya watoto wa watu. Sitaki kunong'onezwa. Nataka kujibiwa kwa sauti."

Nambua alikuwa ameacha kupepesa macho. Alitazama picha ile inayoelea, akanitazama mimi, na nikaona ule mji nilioukataa jana ukimpita usoni. Mkono wake ukatafuta mguu wa wifi yake juu ya kiti, ukaushika.

Kisanduku cheusi kilikuwa ukutani, juu ya sinki, na kijitaa chake cha kijani kinapepesa. Daktari Senkoro akakitazama. Nilikuwa nimesimama karibu, kanga yangu mabegani, ningeweza kukifunika. Nikafanya kama nataka kwenda, akatikisa kichwa nikae.

Akaweka kijiko kwenye sinia. Kililia kidogo. Akavua miwani yake, na safari hii hakuisafisha. Akamvalisha Nakundwa, taratibu, kwanza sikio moja, kisha la pili, akakigeuza kile kiti kidogo ili uso wake uitazame picha.

Sijui niwaambie nini juu ya uso ule. Nilikuwa nimeingiza mamia ya watu katika mataya yao nikawaona wakistaajabu milima yao wenyewe. Wale wote walikuwa wanatazama. Huyu alionekana kama anayetazamwa. Ile nyekundu ilivuja kwenye miwani ikaanguka kwenye mashavu yake, hata lile lililovimba, na midomo yake ikaanza kusema kitu bila sauti.

"Unaona nini?" Nambua akanong'ona. "Wifi yangu, unaona nini?"

Macho ya Nakundwa yakahamia kwa daktari, yakimngoja.

Daktari Senkoro akasimama wima, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Akasema kwa sauti iliyofika mlangoni na kuzidi.

"Hapo hakuna kisicho chako, mama. Huyo ni mwanao."